Gede: Ukarabati wa nyumba yenye mchoro wa jahazi

MAGOFU ya mji wa kale wa Gede, jirani na Dabaso, yapo takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi. Wageni wengi huyajua kwa msikiti mkuu na jumba la mfalme. Hata hivyo, kazi nyeti zaidi ya uhifadhi imo katika nyumba za familia, hususan ile iitwayo Nyumba ya Jahazi.

Nyumba nyingi za hapo zilipewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake: mkasi, taa ya chuma, sanduku la pembe za ndovu. Hii ilipata jina lake kwa mchoro wa chombo cha matanga ulio ukutani. Aliyeuchora hakuacha jina, lakini jina la nyumba limebaki kuwa la kazi yake, si la tajiri aliyeijenga.

Waashi wa Gede walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mji ulipohamwa katika karne ya 17, boriti zilioza, dari zikaporomoka, na lipu iliyokusudiwa kukaa kivulini ikaachwa wazi kwa mvua ya masika. Mizizi ya miti ilimalizia kwa kupasua kuta.

Magofu yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927. Miaka miwili baadaye yaliwekewa ulinzi zaidi, baada ya wasaka hazina kuiba vyombo vya kauri vya Kichina. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Idara ya Ujenzi ilianza kukarabati kuta zilizokuwa hatarini kuanguka. Ufukuzi mkubwa uliongozwa na James Kirkman kati ya 1948 na 1958, na mwaka 1969 usimamizi ukakabidhiwa Makumbusho ya Taifa.

Ugumu wa ukarabati ni huu: saruji, ambayo fundi wa leo huifikiria kwanza, ni adui wa ukuta wa matumbawe. Ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huzuia unyevu kutoka. Maji hunaswa ndani, chumvi hugandamana chini ya lipu, kisha uso wa ukuta hubanduka vipande vipande. Penye mchoro, kinachobanduka ndicho hasa kilichotakiwa kuokolewa. Chokaa hukauka polepole na hudai subira, lakini huuacha ukuta upumue. Kupaka lipu mpya juu ya ile ya zamani nako hakufai, japo nyumba ingependeza; mchoro ungezikwa.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaofuatwa na wahifadhi duniani, unataka ujenzi mpya ukome pale kubahatisha kunapoanza. Nyumba za Gede hazikuezekwa upya. Vichwa vya kuta huzibwa ili mvua isipenye, nyufa hujazwa, na miche inayoota kutani hung'olewa ingali michanga.

Mnamo Julai 2024, katika kikao cha New Delhi, Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hadhi hiyo inaitaka Kenya ihifadhi uhalisi wa kuta hizo, lipu yao ikiwemo.