Sumu ya wadudu: Simba na chui hutibiwa vipi?

Simba au chui aliyekula nyama yenye sumu ya kuua wadudu anaweza kufa katika muda wa saa chache. Kupona kwake hutegemea sana jambo moja: daktari ajue ni sumu gani.

Suala hili linazihusu Migori na Homa Bay. Migori imepakana na Narok, kwenye mbuga ya Maasai Mara, ambako Desemba 2015 simba wa kundi maarufu la Marsh walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu. Bibi, jike mkongwe wa miaka 17, alikufa. Baadhi ya wengine waliokolewa na madaktari. Homa Bay nayo ina chui katika mbuga ya Ruma, iliyozungukwa na wafugaji.

Sumu za jamii ya oganofosfeti na kabameti, Furadan ikiwa mojawapo, huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Mnyama hutokwa mate na machozi, huharisha, hutetemeka, kisha mapafu hujaa majimaji. Kinachomuua hasa ni kukosa pumzi. Tiba yake ni atropini, inayorudiwa hadi kifua kikauke. Kutazama mboni za macho pekee hupotosha. Kwa oganofosfeti huongezwa pralidoksimu, ambayo kwa kabameti aghalabu haihitajiki.

Mtego upo kwenye amitrazi, dawa ya kupe inayojulikana na kila mfugaji. Hiyo humlegeza mnyama na kupunguza mapigo ya moyo. Daktari akiona moyo unapiga polepole akakimbilia atropini, atakuwa amekosea. Inayofaa ni atipamezoli au yohimbini. Dawa za pairethroidi, mfano zile zinazotiwa kwenye mitego ya mbung'o, huwadhuru zaidi jamii ya paka kwa kuwa ini lao huzivunja taratibu. Hapo mnyama huoshwa kwa sabuni, hupewa dawa ya kutuliza mitetemo na huangaliwa asipoteze joto.

Kumkamata mgonjwa ni hatari nyingine. Zailazini, dawa ya usingizi ya kawaida, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Aliye kizimbani ana bahati: anaweza kubanwa kwenye kizimba chembamba na kudungwa sindano bila kulazwa, na mtunzaji anajua alikula nini na banda lilinyunyiziwa dawa gani. Kwa hiyo kopo la dawa, hata likiwa tupu, lipelekwe kwa daktari pamoja na kipande cha nyama iliyobaki.