Kmeri, Kimwere, Kimweri: Jina la Wakilindi na Kalamu Zilizoliandika

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Usambara, akamwandika mtawala wake kwa jina la Kmeri. Mwaka 1857 wakaja Richard Burton na John Speke, na Burton akamwandika Kimwere. Leo tunasema Kimweri. Mtu ni yuleyule: Kimweri ye Nyumbai wa Vuga, aliyefariki mwaka 1862, na ambaye amri yake ilishuka kutoka milimani hadi karibu na pwani. Anayemtafuta kwa tahajia moja tu atasoma nusu ya habari zake na kudhani amemaliza.

Asili ya ukoo wake, Wakilindi, iko upande wa Handeni ya zamani. Mwanzilishi wake, Mbegha, alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka milima ya Nguu, na simulizi zinampitisha Kilindi, mahali ambapo kizazi chake kilipata jina. Kilindi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi ilipofanywa wilaya inayojitegemea mwaka 2002. Kutoka huko simulizi zinamleta Kilole, ambayo sasa ni kata ya mji wa Korogwe, kisha Bumbuli, na hatimaye Vuga, alikotawazwa kwa sifa ya Simba Mwene. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, anamwandika Mbega, bila h. Wasambaa wenyewe hutamka gh. Kitabu hicho kilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila, Bonde.

Herufi zilizopotea njiani zina historia yake. Shambala imekuwa Shambaa, Ngulu imekuwa Nguu, Zigula imekuwa Zigua: l iliyokuwa kati ya irabu imeyeyuka. Mwaka 1906 Kisbey, mmisionari wa Kiingereza, alipotoa kamusi ya lugha ya Handeni, aliiita Zigula. Wapo wanaoishika l hiyo mpaka leo mbali na nyumbani: wazao wa Wazigua waliofika bonde la Juba, Somalia, katika karne ya 19, bado wanajiita Wazigula. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walirudi Handeni kama wakimbizi. Walikaa Mkuyu, kisha wakahamishiwa Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Jamii iliyopita vizazi kadhaa ugenini ikarudi na jina la zamani kuliko tunalotumia sisi tuliobaki. Kwangu hilo lina uzito kuliko nyaraka nyingi za serikali.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Ufaransa majina ya ukoo yalianza kukazwa na vitabu vya ubatizo vilivyoamriwa na sheria ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539, na hata hivyo kwa karne kadhaa kila padri aliandika alivyosikia. Kwetu padri, karani na mtoza kodi waliingia karibu kwa mpigo mmoja. Tena waliwakuta watu ambao jina halikushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kwa mtindo wa Kizungu. Kwa Wakilindi jina la babu hurudi kwa mjukuu.

Mfano mzuri uko Mazinde, Korogwe. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliuacha mlima akajenga tambarare, kwenye njia ya misafara, palipopita pembe za ndovu, bunduki na watumwa. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimng'oa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, akamweka Vuga mwanawe mwenyewe. Mwana huyo aliitwa Kimweri, jina la babu yake. Ndiye Kimweri Maguvu. Mwingine katika ukoo aliitwa Kinyashi, jina la baba yake Kimweri ye Nyumbai. Mputa, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1895, alikuwa wa ukoo huohuo, na baada yake wakamsimika Kinyashi. Wasafiri wa Kijerumani walimwandika Semboja kuwa Simbodja, na Mazinde kuwa Masinde, kwa kuwa s yao kati ya irabu hutamkwa z. Msomaji asiyejua hilo huweza kudhani anasoma habari za mtu mwingine wa mji mwingine. Na akikutana na Kimweri bila Nyumbai wala Maguvu, hana budi kuuliza: Kimweri yupi?

Majina yanayoanza na She- au Se- yamejaa Korogwe, Handeni, Kilindi na Lushoto, na yameingia katika siasa za taifa. Hussein Shekilango, waziri aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1980, ana barabara ya jina lake Dar es Salaam. William Shellukindo aliwakilisha Bumbuli bungeni, na Beatrice Shellukindo aliwakilisha Kilindi kuanzia mwaka 2005. Jina hilo huandikwa kwa l mbili au moja, Shelukindo, na magazeti yametumia zote. Kimweri naye ana barabara Msasani.

Wanaotunza kumbukumbu za Mkoa wa Tanga wangefanya jambo kubwa kwa kuandaa faharasa inayowaweka Kmeri, Kimwere na Kimweri pamoja, Simbodja kando ya Semboja na Mbega kando ya Mbegha, na kuongeza sifa ya kila mmoja ili mjukuu asichanganywe na babu.