Bima na upasuaji wa kurekebisha matiti (Goma)

Upasuaji huu hulipatia umbo titi lililokosa kukua sawasawa, bila saratani kuhusika. Mfano maarufu wa kasoro hiyo ni sindromu ya Poland, iliyoelezwa na Alfred Poland, London, mwaka 1841: msuli wa kifua upande mmoja hukosekana, na titi la upande huo hubaki dogo au halioti kabisa. Msichana hujaza kitambaa upande mmoja wa sidiria, akanyamaza.

Marekani, sheria ya 1998 inazibana bima zinazogharimia ukataji wa titi zilipie pia kulijenga upya. Aliyezaliwa na kasoro hakutajwa.

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC), swali huanzia nyuma zaidi: bima yenyewe iko wapi? Wengi hulipa kutoka mfukoni, ingawa sheria ya Kongo ya Februari 2017 iliviwekea kanuni vyama vya kusaidiana kwa matibabu. HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na Jo na Lyn Lusi, iliharibiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002, ikajengwa tena. Huko fistula ya uzazi hutibiwa kwa fedha za wafadhili. Huo, kwa kweli, ni ufadhili, si bima.

Mpango wa afya wa serikali uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ulianza na uzazi bila malipo. Titi lisiloota halimo.