Kinga dhidi ya utumwa wa kisasa katika kampuni za huduma (Kituku, Goma)

Kinga dhidi ya utumwa wa kisasa ni jumla ya taratibu ambazo kampuni ya ulinzi, usafi, upishi au uchukuzi huziweka ili mtu yeyote asifanyishwe kazi kwa nguvu, kwa deni au kwa hila, awe mwajiriwa wake au mtu wa mbali anayezalisha bidhaa inazonunua. Kituku, bandari na soko la kando ya Ziwa Kivu mjini Goma, mkoa wa Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mfano wa mahali ambapo kinga hiyo hukutana na mtihani mgumu: bidhaa hufika nyingi, karatasi chache.

Maana na sheria

Shirika la Kazi Duniani (ILO) na washirika wake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 50 waliishi katika utumwa wa kisasa: milioni 28 katika kazi za kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Mkataba Na. 29 wa mwaka 1930, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1960, unaitaja kazi ya kulazimishwa kuwa kazi yoyote anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu bila hiari yake. Kazi za dharura wakati wa maafa hazihesabiwi, wala kazi ndogo za kijamii, mradi wanajamii au wawakilishi wao wameshauriwa.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 16, inakataza utumwa na kazi za kulazimishwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 16. Mwaka 2019 iliundwa taasisi ya taifa ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, APLTP, na mwaka 2022 kanuni ya adhabu ikaongezewa vifungu kuhusu kosa hilo.

Sheria za nje nazo hufika Goma kupitia mikataba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 huzitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa taarifa ya hatua zao. Ile ya Ufaransa ya mwaka 2017 huzibana kampuni kubwa kuwachunguza hata wakandarasi na wauzaji wao.

Njia ya bidhaa

Boti huingia Kituku zikitoka Minova, kisiwa cha Idjwi na sehemu nyingine za ziwa. Mapigano ya mapema mwaka 2024 yalipoifunga barabara ya Goma–Minova upande wa Sake, abiria na mizigo vilihamia majini kwa wingi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu wengi wakafa.

Sokoni hushuka makala (makaa ya kuni), ndizi, mihogo, maharage na samaki. Wapakizi huvibeba begani hadi juu, kisha pikipiki na chukudu (vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vinavyosukumwa) huvisambaza mjini. Gunia la makala linalowaka katika jiko la mpishi wa mkataba limekwisha kupita kwa mkataji, mchomaji, mchuuzi na mwenye boti, na hapo bandarini limechanganywa na magunia ya watu wengine.

Namna utumwa unavyoingia

Salongo, kazi ya pamoja iliyoenezwa na utawala wa Mobutu katika miaka ya 1970, bado hufanywa mijini na vijijini. Kusafisha mtaro kwa makubaliano ya mtaa ni jambo moja. Kuchimba barabara kwa amri ya wenye silaha ni jambo jingine. Vikundi vyenye silaha vya Kivu hutoza pia malipo yajulikanayo kama *lala salama* na kuuza *jetoni*, stakabadhi za malipo, na asiye nayo huweza kukamatwa au kupelekwa kazini bila malipo.

Ndani ya kampuni yenyewe dalili huwa za kimya: mlinzi aliyelipa mtu wa kati ili aajiriwe, sare inayokatwa mshahara mwezi hadi mwezi, kadi ya mpiga kura iliyoshikwa ofisini, zamu mbili mfululizo, mshahara uliocheleweshwa ili mtu asiondoke.

Hatua za kinga

Hatua ya kwanza ni bei. Zabuni isiyotosha kulipa mshahara wa kisheria, zamu ya mapumziko na michango ya hifadhi ya jamii (CNSS) humlazimisha mkandarasi kuitafuta tofauti hiyo mfukoni mwa mfanyakazi. Pili, gharama ya kuajiri hubebwa na mwajiri. Tatu, mshahara hulipwa moja kwa moja: benki za Goma zilipofungwa baada ya kundi la waasi la M23 kuuteka mji Januari 2025, malipo ya simu yaliongezeka umuhimu, na mkaguzi hana budi kuuliza laini imesajiliwa kwa jina la nani na nani anaishika. Nne, malalamiko hupokelewa kwa Kiswahili na mtu asiye msimamizi wa zamu. Tano, mnunuzi wa chakula na makala hupunguza idadi ya wauzaji, hujua boti na kijiji cha kila mmoja, na hulipa kwa wakati.

Mipaka

Biashara ya madini imeonyesha udhaifu wa kutegemea lebo. Mfumo wa ITSCI hufunga lebo kwenye magunia ya koltani karibu na mgodi. M23 ilipoitwaa Rubaya, wilayani Masisi, mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwa koltani ya huko ilivushwa Rwanda na kuchanganywa na ya nchi hiyo. Lebo hutaja gunia limetoka wapi. Haisemi kama aliyelijaza alikuwa huru. Ikiwa anayetia muhuri ndiye anayeamuru salongo, cheti hakina ushahidi.

Mwongozo wa OECD wa mwaka 2011 kuhusu madini unataka mnunuzi asimamishe mara moja ununuzi panapokuwa na hatari ya kweli ya kazi za kulazimishwa. Kwa kampuni ya huduma, kususia Kituku yote kungewaumiza wachuuzi na wapakizi wasio na hatia. Panapothibitika kosa, huachwa njia ile tu ya ununuzi, na aliyedhulumiwa ndani ya kampuni hurudishiwa vitambulisho, makato na mshahara wake.