Msumari wa shosho

Wasee, kwa shosho huko Kangema kuna msumari kwenye fremu ya dirisha la jikoni. Kabambe yake huning'inia hapo ndani ya kifuko alichokishona mwenyewe. Ukiitoa hapo tu, mteja hapatikani. Desemba binamu yangu aliitoa acheze nyoka, akaiacha kitandani. Usiku huo guka alikuwa amelazwa hospitalini. Tulipigiwa mara sita. Tulijua ameenda asubuhi, simu iliporudi msumarini.

Nilimkasirikia huyo mtoto sana. Halafu nikajiuliza, kwani huo msumari ulifikaje hapo?

Hadi 1999, simu nchini zilikuwa za shirika moja la serikali, KPTC, lile lile la posta. Simu ya mkononi ilikuwepo lakini ya wenye pesa. Mwaka huo KPTC ikagawanywa, na 2000 Safaricom na KenCell wakaanza kushindana. Minara ilianza mijini na kando ya barabara kuu, si pesa ziko huko? Kijijini tukaiita busta. Na Murang'a ni matuta na mabonde: busta iko juu ya tuta, nyumba ya shosho iko chini bondeni. Watu walipanda hadi kwa mparachichi fulani kupiga simu, na kila mtu alijua ni upi.

Halafu Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Hapo netwaki ikawa si ya salamu tena, ikawa ya karo na ya dawa. Shosho anasema msumari aliupigilia mwaka huo M-Pesa ilipofika kwao, baada ya kuzunguka nyumba nzima na simu mkononi siku mbili.

Kitu kinachoniuma ni mabati. Nyasi hupitisha mawimbi ya redio, mabati huyarudisha. Yaani guka alivyojinyima akajenga nyumba ya mabati kuta na paa, alifungia netwaki nje. Inaingilia dirishani tu. Nani angemwambia?

Julai 2020 Loon na Telkom walirusha maputo ya intaneti, kama kilomita 20 juu. 2021 mradi ukafungwa. Msumari bado uko.

Sasa nimefanya hivi: smatifoni yangu ya zamani inakaa dirishani upande wa busta, inashika 4G na kuirusha ndani kwa hotspoti. Ikiyumba, naishusha hadi 2G, maana masafa ya chini, kama yale ya 900, hufika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi. Mashine za kuongeza netwaki za mtaani sitaki. Zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mbovu huharibia jirani.

Kabambe ya shosho nimeifunga kamba fupi. Binamu akitaka nyoka, anacheza akiwa amesimama dirishani.