Mgongo wa Taili

Mama yangu hakuwa na taili nyumbani kwake mpaka mwaka 2014, nilipomwekea chumba kimoja. Alivua ndala mlangoni, akaingia polepole, akawa anapiga kisigino huku ameinamisha kichwa. Karibu na dirisha akasimama. "Hapa hukushindilia," akasema kwa Kiteso. Nikapagonga kwa kifundo cha kidole. Kweli, palilia kama chungu kitupu. Wakati huo nilikuwa nimekula mkate wa sakafu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sikio lile halikufunzwa na taili. Nilipokuwa mdogo hapa Adungosi, Kenya, karibu na mpaka wa Uganda, sakafu ilikuwa kazi ya wanawake. Udongo ulichimbwa kichuguuni, kwa sababu wa shambani kwetu una mchanga mwingi na haushikani. Ulimwagwa chumbani, ukanyunyiziwa maji, ukapondwa kwa gogo lililochongwa mpini. Mwanzo ulilia bu, bu. Ulipokaza ukaanza kulia ta, na mama hakuruhusu mtu kupumzika kabla ya hiyo ta. Ndipo mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na jivu yalipopakwa kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, mpakaji akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wageni walisifu nusu duara hizo. Mama alizionea haya, kama mtu anayesifiwa kanzu na huku amelala njaa.

Sakafu iliyopasuka ilikuwa na adhabu yake: sindano jioni. Funza walikaa kwenye vumbi la nyufa, nasi tuliketi msururu tukisubiri kuchokolewa vidole. Tulidhani funza ni wa kwetu tangu zamani, kumbe ni mgeni. Alishuka na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, ikatia nanga Ambriz, Angola, naye akalivuka bara zima kabla ya karne ile kwisha. Nasikia watu wakisema saruji ililetwa na majivuno. Kwetu ililetwa pia na vidole vya watoto.

Na haikutoka mbali. Reli ilikuwa imeshapita Malaba na kufika Kampala mwaka 1931, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikajengwa Tororo, chini ya ule mwamba unaoonekana kutoka Malaba. Waliotangulia kupata sakafu ngumu walikuwa walimu, makarani na wenye pesa za pamba. Mimi nilijifunza kazi hiyo mwaka 1991, nikimchanganyia mzee mmoja mota. Yeye alipiga niru, neno tuliloachiwa na mafundi wa Kihindi: uji wa saruji unaolainishwa kwa mwiko wa chuma hadi ung'ae. Mwenye uwezo aliongeza unga mwekundu, na Jumamosi watoto wakasugua polishi kwa matambara miguuni. Lakini niru hung'aa hata juu ya mota ya mchanga mtupu. Mzee wangu alirudi kesho yake na msumari, akakwaruza pembeni. Ukitoa saruji, mteja hatajua leo; atajua mvua ya pili.

Taili zilianza kuonekana kwenye maduka ya Busia zikiwa za China na Dubai, na watu waliweka bafuni tu, tena kwa kubana. Kilichozishusha hadi sebule za wauza samaki ni viwanda vya karibu. Mwaka 2016 Wachina wa Twyford walifungua kiwanda Kajiado. Ng'ambo, Kapeeka katika wilaya ya Nakaseke, Wachina wengine wakaanza kuchoma taili za Uganda. Mji wa Busia ndio uliozaa boda boda, baiskeli za kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, na mpaka leo katoni hupanda kiti cha nyuma. Kwa hiyo jambo langu la kwanza si rangi. Nafungua katoni nitazame pembe nne.

Kisha naigeuza. Wateja hununua uso. Mimi nasoma mgongo. Namwaga maji kidogo hapo. Yakizama upesi, taili hiyo ni mlevi: iliyochomwa vizuri kabisa, ile ya porselini, hainywi hata nusu asilimia ya uzito wake, na za ukutani hupita asilimia 10. Kunywa si dhambi sebuleni, mradi fundi ajue. Ukiilaza kavu juu ya mota, itafyonza maji ya saruji na saruji itakufa njaa. Ilowekwe kwenye beseni hadi mapovu yaishe. Wekundu wa udongo wake nao usimtishe mtu, ni rangi ya machimbo tu. Baada ya hapo nalaza mbili uso kwa uso. Zikibembea, zimepinda motoni, na hakuna grauti itakayoficha.

Katoni ya 40 kwa 40 ina vipande 12, mita za mraba 1.92, na ubavuni ina alama za rangi na kipimo. Hizo nilizipuuza mara moja. Duka moja, nisilitaje, lilinijazia katoni za machomo mawili. Usiku, chini ya balbu, sebule ya mwalimu ilikuwa safi; asubuhi mlango ulipofunguliwa, nusu ilikuwa maziwa na nusu chai. Nilibandua kwa gharama yangu.

Mtihani ninaoupenda zaidi nilifundishwa na ajon, pombe yetu ya mtungini. Mzee mmoja upande wa Chakol alitaka sebule nyeupe inayong'aa. Nikamuuliza mtungi utakaa wapi. Akacheka: katikati, pa kila siku, wazee kuuzunguka na mirija yao, birika la maji moto likipita. Mtungi ule una tako la udongo, na viatu vya wazee vina mchanga wa barabara. Nikachota mchanga huo, nikaumwaga kwenye kipande cha taili aliyoichagua, nikausaga kwa kisigino nikihesabu hadi hamsini. Tulipofuta, palibaki ukungu ambao kitambaa hakikuutoa. Alinunua ya kijivu isiyong'aa, ya bei ileile.

Pale dirishani kwa mama nilipabandua siku hiyohiyo. Taili ilitoka nzima, mgongo wake mkavu, alama za kiwanda zikisomeka vizuri. Chini yake palikuwa na madonge matano ya mota kama mandazi, manne pembeni na moja katikati, na kati yake hewa. Msaidizi wangu hakuwepo siku ile. Niliyaweka mwenyewe, jioni, nikiwahi mechi.