Mzigo wa Matibabu: Historia Fupi ya Bima ya Afya Tanzania

Mara nyingi sisi wachungaji huitwa hospitalini kumwombea mgonjwa, nasi tukifika twakuta kwamba neno la kwanza kando ya kitanda si ugonjwa bali ni fedha. Makala hii yakusudia kuonyesha jinsi nchi yetu ilivyofika hapo, na kwa nini mifuko iliyoanzishwa ili kuwapunguzia watu mzigo imeelemewa nayo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilijitwika jukumu la kuwatibu wananchi bila malipo. Zahanati zilijengwa vijijini, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu ya binafsi yenye kutafuta faida. Hospitali za makanisa ziliachwa ziendelee. Lakini huduma asiyoilipia mgonjwa sharti ilipiwe na mwingine. Uchumi ulipodhoofika katika miaka ya 1980, dawa ziliadimika. Mwaka 1991 hospitali za binafsi ziliruhusiwa tena, na mwaka 1993 Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama, ikianzia katika hospitali kubwa.

Utaratibu huo ulimdai mtu fedha wakati ule ule asioweza kufanya kazi. Ndipo lilipokuja wazo la kuchangia kabla ya kuugua. Mwaka 1996 Wilaya ya Igunga ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya ilitoa mchango mmoja kwa mwaka, nayo Serikali ikaongeza kiasi kile kile, yaani tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilitungwa mwaka 2001. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kuwahudumia watumishi wa Serikali kwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri.

Hapa pana tofauti kubwa. Mtumishi hukatwa awe mzima au mgonjwa. Mkulima aliingia kwa hiari. Penye hiari, mgonjwa hujiunga upesi na mzima husubiri. Mfuko ukibaki na wagonjwa, mchango hauna budi kupanda. Ukipanda, wazima wachache waliosalia nao hujitoa. Mwaka 2018 mfuko wa jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kadi ya watoto, Toto Afya, iliuzwa kwa shilingi 50,400. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, kwa kuwa wengi waliandikishwa wakiwa wameshaugua.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima, na kuweka njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Je, sheria yatosha? La hasha. Msamaha kwa maskini umekuwapo tangu uchangiaji ulipoanza. Hata hivyo, mama mmoja mzee wa usharika wetu alifika hospitalini na barua ya kijiji, akaambiwa kwamba barua hainunui dawa. Muuguzi aliyesema hivyo hakuwa mkatili. Kabati lake lilikuwa tupu, wala hakuna aliyelirudishia hospitali fedha za waliosamehewa. Jumapili iliyofuata tulichanga.

Tulichanga kwa moyo, lakini tulichelewa: mama alikuwa amelala siku nne bila dawa. Basi twawasihi wazee wa kanisa katika sharika zetu wasingoje ugonjwa. Waandikishe familia nzima, zenye wagonjwa na zisizo nao, na usharika uwalipie wasioweza kabla hawajaugua. Nasi watumishi wa Neno tuwaeleze wazima waziwazi kwamba mwaka waliochangia bila kutibiwa, mchango wao umemtibu jirani.